Begi la Siku Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili Bosi wa duka letu la uchapaji alilitupa kwa sababu jalada lilibandikwa kichwa chini. Nimeliokota. Leo nina jambo la kusema na sina mtu wa kumwambia ambaye hatanipa ushauri.

Mtoto ana henia. Daktari wa kliniki alimvua nepi, akamwacha alie makusudi, kisha akanionyesha uvimbe unaotokeza kinenani upande wa kulia, ukubwa wa ndimu. Mtoto alipotulia ukarudi ndani wenyewe. Utumbo unapenya kwenye tundu ambalo lilipaswa kuziba kabla hajazaliwa, na huyu wangu alizaliwa wiki tano kabla ya siku zake. Dawa yake ni kushonwa tu. Daktari wa upasuaji wa watoto huja hospitali kubwa Alhamisi moja kila baada ya wiki tatu. Ya wiki hii imejaa, kwa hiyo tumeandikwa tarehe 27.

"Mpaka siku hiyo, mama, asilie," akasema daktari. "Akilia sana utumbo unatoka. Siku ukitoka ukagoma kurudi, ukawa mgumu, na yeye akatapika, usingoje hata saa moja. Mlete."

Ana miezi mitatu. Asilie! Angeniambia na asikojoe pia.

Jumanne, 4 Machi

Amelia mara sita. Uvimbe umetoka mara tatu na kurudi mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza. Paa letu la mabati likipigwa, mtu na mtu hawasikizani mpaka wapigane makofi ya mgongo.

Kazini nimechapa mialiko mia mbili ya harusi. Mteja aliandika kwa mkono wake kwamba wageni wote wanakaribishwa kulala ukumbini. Nikamuuliza kama ukumbi una magodoro. Akakasirika. "Kula," akasema, "nimeandika kula." Nikamwonyesha karatasi yake. Mwenzangu wa mashine ya kutoa nakala, tunayemwita Fotokopi kwa sababu hurudia kila unachosema, akacheka. "Una magodoro! Una magodoro!" Mteja alilipa bila kunitazama. Mimi makosa ya namna hii hunipa raha, nakiri. Silabi moja tu, mtu mzima na suti yake anageuka kichekesho.

Jumapili, 9 Machi

Tumepanga begi. Niseme nimepanga mimi, halafu mama mkwe, anayekaa nasi kunisaidia mtoto, akapangua.

Hospitali wametoa orodha ya siku tatu: nepi za kitambaa ishirini na nne, shuka mbili, beseni, sabuni, kikombe na kijiko, nguo za mtoto, nguo za mlezi, kadi ya kliniki. Chini wameandika kwa wino mwekundu: mlezi ni mmoja tu. Nilikunja kila kitu, nikapanga kwa mafungu, nikafunga zipu. Nilipotoka kuoga nikamkuta mama mkwe kaketi sakafuni na vitu vyote vimemzunguka.

"Fulana hizi za kuvalisha kichwani za nini, mke mwenzangu?" Yeye humwita mtoto mume wake, kwa hiyo mimi ni mke mwenza. "Mtoto ana mshono tumboni, wewe unamvuta huku na huku kama gunia. Weka zinazofunguka mbele."

"Mama, mimi nimefuata orodha."

"Orodha haijawahi kulea."

Nikazirudisha fulana zangu begini, akiwa ananitazama. Alipokwenda jikoni nikazitoa, nikaweka zinazofunguka mbele. Begi lipo juu ya kabati sasa, na simwambii.

Jumatano, 12 Machi

Mume wangu, ambaye ni dereva wa greda na yuko kambini kwenye barabara yao mpya, alituma ujumbe kwamba anakuja kesho, niwekee chai. Mama mkwe akanisomea kwa sauti: niwekee chaki. Miwani yake ina mkono mmoja, upande wa pili kafunga uzi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimemsimulia Fotokopi, naye siku nzima kila mteja anamuuliza chai au chaki.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu alikuja, akambeba mtoto dakika kumi, mtoto akalia, akamrudisha kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Amerudi kambini.

Anayemweza ni bibi yake. Humlaza kifuani, akamsugua mgongo kwa kiganja, huku akimsimulia bei za vitu sokoni. Nyanya zimepanda, mume wangu, vitunguu ndio usiseme. Mtoto ananyamaza. Kwangu mimi, niliyembeba tumboni, anapiga kelele mpaka uvimbe unatoka. Nina wivu. Niliandika hivyo kisha nikataka kukata, lakini ndiyo hali.

Alhamisi, 20 Machi

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nabandika karatasi kwenye mlango wa kabati: amenyonya saa ngapi, maziwa niliyokamua yako wapi kwenye friji, na mwisho, ASILIE. Mama mkwe huisoma kwa kidole. Leo ameniambia hahitaji kuandikiwa, anajua. Nikamwambia kuandika hakumdhuru mtu.

Jumanne, 25 Machi

Nesi wa miadi amepiga simu jioni, mvua inanyesha kwa hasira, nikaingia chini ya meza ili nimsikie. Alhamisi upasuaji ni saa tatu asubuhi. Tuwe pale mapema. Mtoto asile kitu kuanzia saa kumi na moja alfajiri, si maziwa wala maji, kwa sababu ya nusukaputi. Nikamrudia neno kwa neno, akasema sawasawa.

Jumatano, 26 Machi

Tumegombana. Mama mkwe alikuwa amekunja magauni yake mawili ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Hospitali, na mume wangu." Nikamwonyesha wino mwekundu. Mlezi mmoja. Akasema wewe utachoka, mimi nimelea sita. Nikasema huyu ana mama yake.

"Haya," akasema, akaenda kulala saa mbili.

Faili hutolewa kuanzia saa kumi na mbili na anayechelewa husukumwa mwisho, kwa hiyo kesho natangulia kupanga foleni. Mama mkwe atamleta mtoto na begi kwa teksi saa moja na nusu. Mume wangu anakuja moja kwa moja kutoka kambini kutia sahihi. Nitamnyonyesha mtoto saa kumi na nusu kisha basi. Maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini mara mbili kwa sababu ya macho yake. Sikumwamsha kumsomea. Hatusemeshani.

Alhamisi, 27 Machi

Haikufanyika.

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilipata faili, nikapata kiti, nikapata mpaka nesi mpole. Saa mbili kasorobo mama mkwe akaingia, begi begani, mtoto kifuani, kavaa nguo yake ya kutokea. Mtoto alikuwa anatabasamu. Pembeni ya mdomo kulikuwa na maziwa.

Nesi akashika kalamu. "Amekula mara ya mwisho saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mwanangu, tunatoka nyumbani," mama mkwe akasema, tena kwa fahari. "Nimempa kikombe kizima. Hajalia hata chozi moja."

Nesi akaweka kalamu chini. Alieleza polepole, kama anayesomea darasa, kwamba mtoto aliyeshiba hapewi nusukaputi, maziwa yanaweza kupanda yakaingia mapafuni akafa mezani. Nikamwomba tungoje saa nne za kufunga zipite. Akaenda kuuliza, akarudi. Daktari ana watoto saba na anaondoka saa sita. Nafasi ijayo ni tarehe 17 Aprili.

Mume wangu alifika wakati huo, viatu vimejaa tope, akitafuta mahali pa kutia sahihi.

"Karatasi imesema asilie," mama mkwe alikuwa anasema. "Nikasema mtoto mwenye njaa hawezi kuacha kulia. Nikampa."

"Karatasi imesema asile!" Nilipiga kelele, watu wakageuka. "Asile! Nimeandika kwa herufi za kusomwa na kipofu! Leo ni ile chai na chaki yako, mama, umetaka kuniulia mtoto kwa chai na chaki!"

"Umeandika asilie."

"Mimi? Mimi ninayesahihisha barua za watu kutwa nzima?"

Mume wangu hajawahi kumpandishia mama yake sauti. Na leo hakuipandisha. Alisema taratibu, mbele ya nesi na mama wengine na watoto wao: "Mama, umezeeka. Usimguse tena mtoto wangu."

Mama mkwe alilitazama begi, akanitazama mimi. Akanikabidhi mtoto, akakaa kwenye benchi mwisho kabisa, mpaka tulipoondoka.

Ijumaa, 28 Machi

Mama mkwe amehamia kwa wifi. Amechukua ule mfuko wake wa plastiki tu. Hakuaga, au aliaga na mimi sikuitika, sikumbuki vizuri. Nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki tatu nyingine. Mume wangu ameomba ruhusa kambini, atakuwa analala nyumbani.

Jumapili, 30 Machi

Begi nililiacha lilivyo, nikijiambia kwamba nikilifungua nimekubali kushindwa. Leo mvua imenyesha mfululizo, nepi hazikauki, nikalishusha nichukue zilizomo.

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni, imekunjwa mara nne. Niliifungua ili nimwonyeshe mume wangu, tucheke kwa uchungu pamoja. Ilikuwa inasema:

KUANZIA SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI ASILIE KABISA.

Mistari miwili chini yake. Mkono wangu. Ile I yangu yenye kofia na viatu, ambayo Bosi huitania.

Niliisoma mara nyingi nikingoja igeuke. Nilijua ninachotaka kuandika, nilikisikia kwa nesi, nilikiandika sawasawa humu Jumanne. Lakini wiki tatu mkono umekuwa ukiandika asilie kila asubuhi, na usiku ule ulijiendea kwenye njia uliyoizoea. Mama mkwe alisoma kilichoandikwa. Akafanya kilichoandikwa, na akakifanya vizuri.

Mume wangu alikuwa uani anarekebisha mfereji. Nilikwenda mpaka mlangoni. Nilimwona mgongo. Nikarudi, nikaiweka karatasi ndani ya daftari hili, na daftari ndani ya pochi.

Jumatatu, 31 Machi

Sijasema.

Jumatano, 2 Aprili

Sijasema. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Wifi amekuja kuchukua blanketi na dawa za presha za mama yake. Hakukaa. Nilimkaribisha chai, akasema ahsante, chai ya nyumba hii inageuka chaki. Kumbe habari zimefika huko. Mimi ndiye niliyezipeleka, nilipopaza ile sauti hospitali.

Nikamuuliza mama anaendeleaje.

"Hasemi. Anakaa. Tukimuuliza anasema amezeeka."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema: "Mpe pole." Pole! Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi nimeliona, na nimelikalia.

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu amenipikia, amenifulia nepi, ameniambia nisijilaumu. "Kosa si lako," akasema. Nilimtazama nione kama ananitega. Hanitegi. Ni mtu mwema na amemfukuza mama yake kwa ajili yangu. Anasema jioni huwa anashika simu ampigie, halafu hajui aanze na neno gani. Nilipaswa kumpa hilo neno pale pale. Badala yake nimemwambia chakula ni kitamu.

Jumanne, 8 Aprili

Siku nilizoomba kazini zimekwisha na sina wa kumwachia mtoto. Bosi amekubali nije naye, mradi asisumbue wateja. Nimemtengenezea kitanda kwenye sanduku la karatasi, chini ya meza. Mashine inanguruma, wino unanuka, mlango unafunguliwa na kufungwa. Analia. Fotokopi humwimbia. Nimejifunza kuchapa kwa mkono mmoja.

Jumatano, 9 Aprili

Uvimbe umetoka mara tano. Mara ya tano umechukua muda kurudi. Zimebaki siku nane. Ningekuwa mtu wa maana, mtoto angekuwa kifuani kwa bibi yake anaambiwa bei ya vitunguu.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko wodini. Naandika ili mikono isikae bure.

Jana saa tano dukani kulikuwa na foleni. Mwanafunzi mmoja alitaka kurasa arobaini kabla ya saa sita. Mtoto alianza kulia. Nikamwambia dakika moja, baba. Akaendelea. Nikasema namalizia ukurasa huu, na kweli nikaumaliza, nikarudi juu nikarekebisha mkato. Mkato! Kisha kilio kikabadilika, kikawa chembamba. Fotokopi akaacha kuimba.

Niliinama. Alikuwa ametapika, na matapishi ni ya kijani. Nikamfungua nepi. Uvimbe ulikuwa umetoka, mwekundu, mgumu, na nilipougusa alipiga yowe nisilolijua. Niliubonyeza taratibu kama nilivyofundishwa. Haukurudi.

Fotokopi alitoka mbio kwenye mvua, akasimama katikati ya barabara mikono juu, akasimamisha gari la mtu aliyebeba maboksi ya sabuni. Begi lilikuwa nyumbani juu ya kabati, limepangwa upya, limefungwa zipu, kila kitu cha siku tatu. Nimefika hospitali na mtoto kwenye sweta langu na pochi begani. Hakuna nepi hata moja.

Hawakungoja tarehe 17. Daktari wa zamu alimpeleka moja kwa moja. Aliuliza amekula saa ngapi, nikajibu, akasema hapa hatuna hiari, tutamwekea mpira wa kunyonya yaliyomo tumboni. Kwa muda wa saa tatu nilikaa kwenye lile benchi, mwisho kabisa. Mume wangu alinikuta hapo.

Yu hai. Utumbo ulinaswa na kipande kimoja kilikuwa kimeanza kufa. Wamekikata, urefu wa kidole changu cha shahada, wakaunganisha. Daktari alinionyesha kwa kidole chake, kisha akatazama changu na kusema kama hicho. Angeshonwa Machi, hakuna ambacho kingekatwa.

Jumapili, 13 Aprili

Mume wangu alilipeleka lile neno alilokuwa hana. Alimpigia simu mama yake jana akasema mtoto amepasuliwa, basi. Leo saa nane, wakati wa kuona wagonjwa, mama mkwe akaingia na beseni, nepi kumi na mbili zilizopigwa pasi, na nguo nne zinazofunguka mbele. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta dawa.

Hakumgusa mtoto. Alisimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, akaitazama ile mirija yake. Kisha akatafuta zile nepi chafu chini ya kitanda, akazitia kwenye beseni.

"Mama," nikasema, "nina kitu cha kukuonyesha."

Nikafungua daftari, nikampa karatasi. Hakuvaa hata miwani.

"Naijua. Mimi ndiye niliyeitia begini."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilisoma asilie kwa sababu uliandika asilie. Macho yangu mabovu, hayajapofuka."

"Sasa kwa nini hukuitoa? Pale pale, mbele ya mwanao?"

"Niitoe useme mkono ni wangu?" Alikuwa anazungumza chini, asimwamshe mtoto. "Ulikuwa umeshanitukana, na mwanangu ameshasema alichosema. Nikasema nimwachie. Atalifungua begi nyumbani, ataona, atakuja. Huyu ni mtu wa maandishi, herufi haimpiti." Alinirudishia karatasi. "Nikakaa nangoja. Siku kumi na saba, mkwe wangu. Nimehesabu."

Mkwe wangu, si mke mwenzangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kumwambia ni siku kumi na nne, kwa sababu niliiona Jumapili. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nimsahihishe. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo, na sikupenda.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," akasema. Akabeba beseni. "Mwambie mume wako mwenyewe. Mimi sipeleki habari za watu."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia. Korido ya wodi, karibu na mabomba, watu wanapita na ndoo. Nilimpa karatasi, akaisoma, akaigeuza, nyuma hakuna kitu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tarehe thelathini."

Sikutarajia swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile la kwa nini umeandika hivi, ambalo nilikuwa na majibu yake: mvua, uchovu, mazoea. Yeye hakuuliza. Alisema kosa la herufi hata yeye angelifanya. Kisha akahesabu kwa vidole jioni alizokuwa ameketi na simu mkononi mimi nikiwa hapo pembeni yake, nikimwambia chakula ni kitamu.

"Uliniacha," akasema. "Kila siku uliniacha nimwache mama yangu."

Mama yake alikuwa kwenye karo la kufulia, nyuma ya wodi. Nilimwona mume wangu akienda, akachuchumaa kando yake, akamshika nepi mkononi ili afue yeye. Sikusikia alichosema. Nilisikia cha mama: "Acha, utaichana." Akaivuta nepi yake, akaendelea kusugua. Mume wangu alibaki amechuchumaa hapo hapo, mikono mitupu, kama aliyeambiwa asimame akasahau.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo ndiyo ile tarehe. Daktari wa watoto amepita, amesoma faili, amesema kazi nzuri. Mtoto ameanza kupewa maziwa, vijiko viwili viwili. Ameyatunza tumboni.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama mkwe anakuja kila siku saa nane, anafua, anaanika, anaondoka. Ananiambia habari za mchana na hali ya hewa. Siku mbili nimemkuta amesinzia amekaa wima. Mtoto akimsikia hugeuza kichwa. Yeye huenda upande wa pili wa kitanda.

Jana nilimwambia: "Mbebe, mama." Akasema mikono yake ina sabuni.

Jumanne, 22 Aprili

Tumeruhusiwa. Siku kumi na mbili kwa jumla, na lile begi mume wangu alilileta siku ya pili. Nilimwomba mama mkwe turudi naye nyumbani, chumba chake kiko vile vile, sijagusa kitu. Mume wangu alimwomba pia. Aliomba vizuri kunishinda.

"Kwa binti yangu kunanitosha," akasema. Akamfungia mtoto kifungo kilichokuwa wazi, kwa ncha za vidole, bila kumgusa ngozi. Kisha akaenda zake kwa miguu, mwavuli haujafunguliwa, mvua ikinyesha.

Ijumaa, 2 Mei

Kazini. Mteja kaandika "zawadi za kufa" akimaanisha za kufaa. Nimerekebisha kimyakimya. Fotokopi akaniuliza leo huchekeshwi? Nikasema sichekeshwi. "Hachekeshwi," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Mume wangu analala akinipa mgongo. Hanitukani, hanigombezi, ananisalimu asubuhi. Ananiwekea mpaka maji ya kuoga. Nyumba ni ya adabu sasa.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekatika. Kovu limekauka, limebaki ufito wa rangi ya waridi, na mtoto ameongezeka nusu kilo. Daktari amesema hatakumbuka lolote.

Saa nne asubuhi nilisikia hodi. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa naonekana, namwogesha mtoto sebuleni. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Miezi mitatu aliyokaa hapa aliingia na kutoka kwenye nyumba hii bila kupiga hodi, tena nilikuwa nikiguna chinichini kwamba huyu mama hana hodi.

"Karibu, mama."

Hakuingia. Alingoja. Mume wangu akainuka kutoka kitini.

"Karibu ndani, mama," nikasema tena.

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, pale wanapokaa wageni, mfuko wake mapajani. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akauliza habari za kazi. Mtoto alikuwa ameshamwona, anarusha miguu na kumwaga maji, anatoa zile sauti zake. Nilimfuta, nikamvika nguo inayofunguka mbele.

Mama mkwe akaweka mfuko chini. Akafuta viganja kwenye gauni.

"Naruhusiwa kumshika?" akauliza.

Alikuwa ananiuliza mimi. Mume wangu alitoka nje. Nikasimama, nikampelekea mtoto.